Aliyemfunga Mwanangu

Sikumsamehe. Nasema mapema, ili anayesoma asije akafika katikati akaanza kungoja mahali ambapo moyo wangu utalainika. Watu wamenishauri kwa wema kabisa, na nimewasikiliza wote mpaka wakamaliza. Kisha nimerudi kwenye cherehani yangu na hasira ile ile niliyoondoka nayo.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kilwa Masoko. Chumba changu cha kazi kinatazama barabara, na nyuma yake ndiko tunakoishi: mimi, mume wangu na binti yetu mmoja. Mume wangu hupima ufuta na korosho kwenye chama cha wakulima. Msimu ukifika anahamia Tingi kwa wiki kadhaa, anarudi nyumbani mara moja moja akinuka magunia. Kwa hiyo mengi ya binti yetu niliyaona mimi kwanza, na mengi niliyamaliza kabla baba yake hajayasikia.

Alianza kunishinda akiwa na miaka mitano. Siongelei utundu. Mtoto mtundu anavunja kikombe, anakimbia, jioni anakuja kukulalia mapajani. Huyu alikuwa akikasirika mwili mzima unakakamaa, na chochote kilichokuwa karibu na mkono wake kikawa silaha. Siku moja nilimwambia angoje chai ipoe. Aliingia chumba cha kazi, akachukua mkasi na kulipasua gauni la harusi la mteja kutoka shingoni mpaka pindoni. Gauni hilo lilikuwa linachukuliwa kesho yake. Shuleni alimpiga mwalimu wake kwa ubao mdogo wa kuandikia mpaka midomo ikachanika. Aling'ata watoto wenzake, wakubwa kwa wadogo, na akiwa ameng'ata hakuachia mpaka watu wawili wamshike taya.

Nilimchapa. Baba yake alimchapa pia, kisha jioni, kwa huruma, akamnunulia soda. Mkuu wa shule aliniita ofisini na kuniambia, akiangalia dirishani, kwamba nikae naye nyumbani "mpaka atakapokuwa tayari." Niliuliza atakuwa tayari lini. Akasema hilo ni la wazazi. Nyumbani alikaa mwaka mzima.

Akiwa na miaka minane alimsukuma mtoto wa wifi yangu kutoka barazani, mtoto wa miaka miwili, akavunjika mkono. Wifi yangu hakupiga kelele. Alimpeleka mwanawe hospitali, akamrudisha amefungwa plasta, kisha akaja kukaa mbele ya cherehani yangu.

"Wifi," akasema, "huyu si wa kuchapwa tena. Huyu anataka kuombewa na kutengenezwa. Yuko mtu."

Mtu huyo alikuwa na shamba ndani ya mikorosho, upande wa Kitomanga, mbali kidogo na barabara ya lami. Wifi alisikia habari zake kwa rafiki yake. Ilisemwa kuwa anapokea watoto walioshindikana na kuwarudisha wametulia. Wengine walimwita mganga, wengine walimwita mwalimu. Nilipompigia simu, yeye mwenyewe alijiita mlezi.

Tulimpeleka mimi na mume wangu mwezi mmoja kabla ya mfungo. Alitupokea amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mimi namtazama mtu kwa nguo. Ndiyo kazi yangu. Kola ya shati lile iliwahi kuchakaa, na fundi mzuri akaigeuza upande wa pili, akaishona kwa mkono mwepesi. Nikajiambia, mtu anayetunza kola hivi ni mtu wa mpango. Nilimwamini kwa kola. Nimejilaumu kwa mambo mengi, lakini hilo ndilo linalonifanya nisimame katikati ya kazi na kuuma meno.

"Msije kumwona kwa siku arobaini," alituambia. "Akikuona mama yake, kazi yote inaharibika. Baada ya hapo nitawarudishia mtoto mwingine."

Binti yangu alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Yule mtu aliinama akamfungua kidole kimoja kimoja, bila nguvu, akitabasamu. Tukaondoka. Ndani ya basi mume wangu alilala mpaka Nangurukuru, na mimi, lazima niseme, nililala pia. Nyumba yetu ilikuwa kimya wiki ile. Nilishona bila kugeuka geuka. Nilikunywa chai ikiwa bado ya moto.

Siku ya ishirini na mbili nilimaliza gauni lake la Idi. Nilikuwa nimekata kwa kukadiria, nikajipa sababu kwamba nataka kupima urefu. Ukweli ni kwamba asubuhi ile niliamka nikiwa sikumbuki sauti yake ya kawaida, ile isiyo ya kupiga kelele, nikaogopa. Sikumwambia mtu. Nilitia gauni kwenye mkoba pamoja na futi na mkasi, nikapanda basi, na kutoka Kitomanga nikachukua bodaboda.

Walikuwa sita. Kila mtoto alikuwa na mkorosho wake. Kamba ya katani ilizunguka kifundo cha mguu na upande wa pili ilizunguka shina, na urefu wake ulimwezesha mtoto kufika kwenye ndoo ya maji na kwenye shimo alilochimbiwa la kujisaidia. Wangu alikuwa wa nne. Alikaa amekunja magoti, mchanga umemshika midomoni, akanitazama bila kunyanyuka. Hakuniita.

Yule mtu alitoka ndani ya nyumba akijifuta mikono. Hakushtuka hata kidogo.

"Mama, hukusubiri siku zetu," akasema. "Lakini si unaona mwenyewe? Ametulia."

Hapa ndipo pagumu kwangu. Kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Nilimwona mwanangu ametulia na kitu ndani yangu kikashukuru. Kisha akausogeza mguu, na nikaona chini ya kamba nyama nyekundu inayong'aa, na nzi.

Fundo lilikataa kufunguka. Lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi, likawa gumu kama kokwa. Nikatoa mkasi wa kazi nikaikata kamba, uzi kwa uzi. Yule mtu alisimama juu yangu.

"Ukimfungua leo, usimrudishe," akasema.

"Yeye hatarudi," nikamjibu. "Nitarudi mimi."

Nilimwendea mtoto wa pili, aliyekuwa karibu na wangu, na mkasi. Hapo ndipo yule mtu aliponishika mkono, na vijana wawili wakatoka nyuma ya nyumba. Niliangalia mkasi wangu, nikamwangalia mwanangu ambaye hata kutembea hakuweza. Nikaondoka na wangu. Wale watano niliwaacha pale, na mmoja wao, aliyekuwa na kovu juu ya jicho, alinifuata kwa macho mpaka bodaboda ilipokata kona.

Mume wangu alirudi kutoka Tingi kesho yake. Aliutazama mguu, akatoka nje, akarudi na wanaume watatu na mapanga. Nilisimama mlangoni.

"Mkimkata," nikamwambia, "yeye anakuwa marehemu anayesomewa hitima, na wewe unakuwa mfungwa. Mimi sitaki apumzike."

Aliniangalia kama hanijui. Wale wanaume wakaweka mapanga chini, wakanywa chai, wakaondoka. Tangu siku ile mume wangu hakuniuliza tena nataka kufanya nini na yule mtu. Nadhani aliogopa jibu.

Hospitali ya wilaya walitaka kwanza fomu ya polisi, ile inayotolewa mtu akijeruhiwa. Nilikwenda kuichukua. Tabibu aliyesafisha kidonda alikuwa kijana wa kiume, mpole. Aliuliza kamba ilikaa siku ngapi, akaandika kila nilichosema, kisha akanishika bega.

"Mguu utapona, mama," akasema. "Lakini hukumpeleka kule kwa sababu ya mguu. Lile lililokupeleka bado lipo."

Alinipa barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Lindi, kwa muuguzi wa afya ya akili. Sikujua kama kuna mtu wa namna hiyo kwa ajili ya watoto. Miaka mitatu nilizunguka, na hakuna aliyewahi kunitajia.

Muuguzi huyo alikuwa mwanaume wa makamo, mzaliwa wa milima ya Kipatimu, na Kimatumbi kilisikika ndani ya Kiswahili chake. Msalaba mdogo ulining'inia shingoni. Chumba chake kilikuwa na meza, viti vitatu, na boksi la vifuniko vya chupa. Alimwachia binti yangu boksi lile bila kumwambia afanye nini, kisha akanigeukia.

Alianza kwa kuuliza kuzaliwa kwa mtoto. Nilimweleza uchungu wa siku mbili, na kwamba mtoto hakulia mpaka mkunga alipompigapiga. Aliuliza homa, nikamwambia alipata degedege mara mbili kabla ya kutimiza miaka miwili. Aliuliza analalaje, anakula nini asubuhi, anasikia vizuri masikio yote mawili. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Kabla hajamng'ata mtu, huwa kunatokea nini?"

Nilitaka kusema hakuna. Akafungua ukurasa mpya wa daftari lake. Nikamsimulia siku ya gauni la harusi, nikafika kwenye chai.

"Kwa hiyo aliambiwa angoje," akasema.

"Ndiyo."

"Na yule mtoto aliyevunjika mkono?"

Nikafikiri. Wifi yangu alikuwa anagawa embe, akaanza na mdogo.

"Hapo pia aliambiwa angoje." Hakusema kwa ushindi. "Mama, mwanao hana jini na si mbaya. Hasira tunayo wote. Wewe ukikasirika breki iko chini ya mguu wako. Yake iko mbali, na anapoifikia amekwisha gonga. Dawa ya kumeza ninayoweza kukupa leo sina. Nina kazi ya kukupa, na ni ngumu, na itachukua muda. Unaweza?"

Nilisema naweza. Nilikuwa nawaza kamba.

Kazi yenyewe ukiielezea inaonekana ndogo. Nisimwite kutoka chumba kingine. Nimwendee, nimwangalie, niseme jambo moja kwa maneno machache, mara moja. Nikimwambia angoje, nimwambie angoje mpaka nini: mpaka nimalize mshono huu, mpaka redio isome habari. Akifanya jambo jema, hata dogo, nilitaje hapo hapo. Akifanya baya dogo nilipuuze. Akiumiza mtu, akae kwenye kigoda karibu na mlango kwa dakika chache, kila mara kigoda kile kile, na asipigwe, na baba yake afanye hivyo hivyo bila soda baadaye.

Jioni ile alifunga mlango bila kuubamiza. Nikamwambia, "Umefunga mlango taratibu. Asante." Aliniangalia kwa wasiwasi, akageuka kutazama nyuma yake aone nazungumza na nani. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikaendelea kukuna nazi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kila wiki mbili tulipanda basi kwenda Lindi. Lakini msomaji asidhani nilikuwa mama mwema tu anayejifunza malezi. Zile siku za katikati nilikuwa na kazi yangu nyingine.

Nilikwenda polisi, kwenye dawati la watoto, nikapeleka ile fomu. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kwetu, akanituma kwa mwenzake wa kule shamba lilikokuwa, wilaya nyingine. Yule wa pili alikuwa mama mtu mzima, mchovu, ambaye alinisikiliza vizuri akaniambia shahidi mmoja hatoshi. Yule mlezi angesema mguu uliumia kwa bahati mbaya. Wazazi wengine walikuwa wameulizwa kwa simu, wote walisema wameridhika.

"Niletee mmoja tu," akasema.

Nilimkumbuka yule wa kovu juu ya jicho. Niliuliza kwa wateja, kwa makondakta, kwa wanawake wanaoshusha ndizi sokoni, mwezi mzima. Mwisho nikaambiwa kuna bibi mmoja Kipatimu anamlea mjukuu mwenye kovu la namna hiyo, na mjukuu huyo kapelekwa "chuo" huko Lindi.

Nilipanda milimani kwa bodaboda baada ya mvua. Mara mbili nilishuka nikatembea, dereva akisukuma kwenye utelezi. Nilimkuta bibi anaanika mihogo juu ya jamvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, nguo zinasema."

Alinipa maji na kiti. Nilimweleza niliyoyaona. Aliendelea kupanga mihogo mpaka nikamaliza.

"Mwanangu," akasema, "mama yake mtoto huyu alikufa. Mimi nina mgongo huu. Mwaka jana alinichomea jiko, likaungua na kuku ndani. Pale anakula, na ameacha kuchoma. Ukimtoa, utamlea wewe?"

Nilitoa simu nikamwonyesha picha ya mguu wa binti yangu, ile aliyopiga tabibu kabla ya kusafisha. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akaninyooshea simu. Aliingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku. Alitoka amejifunga kanga safi na amebeba viatu mkononi.

"Bodaboda yako inabeba wawili?" akauliza.

Bibi yule alilala kwangu siku mbili, na siku ya tatu tulikuwa ndani ya gari la polisi pamoja na afisa ustawi. Mimi sikutakiwa kwenda. Niliingia, nikakaa, na hakuna aliyepata moyo wa kunishusha.

Watoto walikuwa wanane sasa. Wale polisi wawili, mmoja mwanamke, waliacha kuongea tulipofika penye miti. Bibi alimwona mjukuu wake akaanza kutembea haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Yule mtu alikuwa amevaa shati la bluu siku ile. Walipomtia pingu nilijisogeza mpaka nikawa mbele ya uso wake.

"Mama, mimi nilikusaidia," akasema. Aliamini. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi ya yote.

"Nilikuahidi nitarudi," nikamwambia.

Aliangalia chini. Nilitaka mengi zaidi ya hapo. Nilitaka afungwe kwenye mkorosho wake mwenyewe, kwa kamba yake, siku ishirini na mbili, na mimi nije kila siku nimwambie ametulia. Nilimwomba yule polisi mwanamke, kwa sauti ya chini, amwache pale kidogo tu kwanza. Alidhani natania.

Kesi ilipofunguliwa, wazee wakaja. Walikuwa watatu wa ukoo wake, na baba mkwe wangu aliyewapokea kwa heshima. Walikaa barazani baada ya sala ya alasiri, wakaanza kwa dua, wakazungumza vizuri sana. Walisema kijana wao alikosea katika kutafuta wema. Walisema ana watoto wadogo. Mkubwa wao akamalizia, "Binti yetu, tunakuomba umsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

"Mimi sikufungwa kamba," nikajibu. "Aliyefungwa yumo ndani. Muulizeni."

Baba mkwe wangu alikohoa. Nikamwita binti yangu. Alikuja akasimama kwa mguu mmoja, kama anavyopenda, mguu wenye kovu ukiwa juu ya mwingine. Mzee akarudia maneno yake kwa upole, akayafupisha kwa ajili ya mtoto: yule mjomba wa shambani anaomba msamaha, unasemaje?

Binti yangu alifikiri kwa makini. "Nataka kumng'ata," akasema.

Wazee waliaga bila kumaliza kahawa. Baba mkwe wangu hakuongea nami mpaka Idi. Na mimi, ambaye miezi minne nilikuwa nafundishwa kutomsifu kwa kuumiza watu, nilimkumbatia binti yangu nikamwambia, "Umesema vizuri."

Nililipia neno lile. Wiki hiyo alikuwa amerudishwa shule. Muuguzi alikuwa amemwandikia mkuu wa shule barua, na mwalimu mmoja wa kike alijitolea kumpokea. Alimkalisha mbele na kumpa kazi ya kugawa madaftari, ili apate sababu ya kunyanyuka kabla hajachoka kukaa. Siku ya nne tu niliitwa. Alikuwa amemfunga mwenzake mguu kwa mkanda wa begi kwenye dawati, akamwambia, "Nitakukomesha. Sitaki upumzike."

Maneno yalikuwa yangu, niliyozoea kuyasema juu ya yule mtu, moja baada ya jingine.

Muuguzi hakunilaumu. Alimpa binti yangu boksi la vifuniko, akakisogeza kiti chake karibu nami.

"Mama, nyumbani kwenu, nani anakasirika zaidi kuliko wote?"

Niliokota kifuniko kilichoanguka, nikakirudisha kwenye boksi.

"Sikuambii usamehe," akasema. "Hiyo si kazi yangu hapa. Nakuambia anasikia. Kila unapolisema jina la yule mtu, yeye anarudi kwenye ule mti."

Nilifanya nilichoweza. Sikuacha chuki, niliitoa nje ya nyumba. Nilimwambia mume wangu na wifi yangu kwamba habari za kesi hazitajwi mbele ya mtoto. Nikitaka kusema, nilitembea mpaka upande wa gati, nikasema peke yangu kwa sauti, nikarudi nikapika. Wanaonijua waliniona, wakadhani namtukuza Mungu. Ndani ya nyumba nikawa mtu wa maneno machache na asante nyingi.

Ikaanza kushika. Kwanza siku tatu bila kigoda, halafu wiki. Alipiga tena, akang'ata tena, lakini sasa niliona inapokuja: anaanza kukunja vidole vya miguu. Nikamfundisha na yeye kuvitazama. Kuna siku alikuja mbio chumba cha kazi, amekunja vidole, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, imefika." Nikaacha cherehani tukazunguka nyumba mara tano mpaka ikapita. Mteja aliyekuwa anangoja aliona kichekesho. Sikumweleza.

Hukumu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Mahakamani nilikaa benchi la mbele, nimevaa gauni nililolishona kwa ajili ya siku ile tu, jekundu, ili akigeuka asiweze kunikosa. Bibi wa Kipatimu alikaa pembeni yangu akisali rozari. Mjukuu wake sasa alikuwa anakuja Lindi kwa muuguzi yule yule. Yule mtu aligeuka mara moja. Nilishiba. Nilitembea nimeshiba siku mbili nzima, na ya tatu nikaamka na njaa ile ile.

Wifi yangu aliniomba radhi, tena kwa machozi. Nilimwambia yamekwisha. Bado namshonea nguo zake, na namshonea vizuri, lakini nimeacha kumpima. Natumia vipimo vya zamani, na amenenepa, na kila Idi anavaa nguo inayombana na hana ujasiri wa kuniuliza.

Yule mtu ametoka. Hakurudi shambani, hawezi, watu wa kule walikwisha jua. Anauza viatu vya mitumba Lindi, karibu na stendi, amevipanga juu ya turubai. Niligundua kwa bahati, siku ya kliniki. Binti yangu sasa ana miaka kumi na miwili, na muuguzi huongea naye peke yake karibu saa nzima, mimi nikingoja nje. Siku ile sikungoja. Nilishuka mpaka stendi, nikasimama upande wa pili wa barabara, nikamtazama.

Aliniona. Akaendelea kupanga viatu, akaviangusha, akavipanga tena. Mwisho akavuka.

"Mama, unataka nini kwangu?" akauliza. Kola ya shati lake ilikuwa imechakaa na haikugeuzwa.

"Nataka unione," nikasema.

"Nimefungwa. Nimemaliza."

"Nimesikia."

Akarudi kwenye turubai lake. Nikasimama mpaka muda wa kumfuata binti yangu ulipofika, nikapanda zangu hospitali.

Nimefanya hivyo kila safari ya kliniki tangu hapo. Sisemi kitu, sikaribii. Wateja wake wameanza kuniuliza kama nangoja gari. Binti yangu hajui. Aliwahi kuniuliza mara moja, tukiwa kwenye basi, kama yule mtu bado yuko jela. Nilimwambia ametoka. Akasema, "Usinisimulie habari zake tena," akafungua pakiti ya karanga akanigawia nusu bila kuambiwa. Nikamshukuru kwa karanga.

Mwezi uliopita muuguzi alituita wote wawili. Alisema mwalimu wake ameandika mazuri, kwamba muhula mzima hajaumiza mtu, kwamba alivunja kioo cha dirisha akaenda mwenyewe kusema. Alisema shida haijaisha na ujana utaleta yake, lakini tukipata tatizo tutampigia simu. Hakuona sababu ya sisi kuja tena Lindi.

Binti yangu alipiga makofi. Muuguzi akanitazama, akingoja nifurahi. Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Lakini nilijisikia pia nikiuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya shukrani hata kidogo, "Hata mara moja kwa mwezi, daktari? Kwa usalama tu?"